Mnada wa Mbwa Asiye na Mwenyewe

Wapendwa wa Bwana, kabla hatujalifikia neno lenyewe, nifuateni kwanza hadi katika mji mmoja mdogo ulioegemea milima, mwaka wa 1986. Si mbali, na njiani nitawatunza.

Palikuwa na mtaa katika mji huo, mtaa wa watu wenye heshima zao. Nyumba zilikuwa za matofali, nyua za michongoma zilikatwa zikalingana, na karibu kila nyumba ilikuwa na mbwa wa kuilinda. Mchana mbwa alifungwa. Jioni alifunguliwa, akatupiwa tonge moja, kisha mlango wa ua ukaachwa wazi ili lililopungua akalitafute mwenyewe kwa walimwengu. Mlo wa namna hiyo humfundisha nini mbwa? Humfundisha kutorudi. Basi mbwa wale wakazoea kutoka, wakazoeana, wakawa kundi, na kundi likajichagulia makao: njia panda, penye bomba la maji, mahali ambapo mwenda shule, mwenda sokoni na mwenda kanisani wote hawana budi kupita.

Mtaa ule ulikuwa na jibu lake moja, ambalo kila mwenye nyumba alilijua kwa moyo. Mbwa akimla kuku wa jirani, na jirani akija kupiga hodi, alikaribishwa kiti, akapewa na maji ya kunywa, kisha akaambiwa kwa upole: "Yule? Yule si wangu, jirani. Yule huwa anapita tu." Lakini mbwa huyo huyo akimkamata mwizi wa ndizi, je, alikosa mwenyewe? Thubutu. Habari zake zilisimuliwa wiki nzima, na aliyezisimulia alianza kwa kusema, "Mbwa wangu."

Katika mtaa huo aliishi mjane aliyeitwa Bibi Nakiete, pamoja na mjukuu wake wa kike aliyeachiwa na marehemu binti yake. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa macho ya bibi, miguu ya bibi, na kicheko cha nyumba ile. Siku ya Alhamisi, tarehe 7 Agosti, mtoto alikwenda bombani na ndoo yake. Kundi likamzunguka. Mmoja, mbwa mwekundu mwenye mkia uliokatika nusu, akamng'ata mguuni juu ya kifundo.

Bibi hakupoteza muda kwa kulia. Alikiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akambeba mtoto mgongoni hadi zahanati. Mganga akamchoma mtoto sindano moja, akafunga bomba lake la sindano, akamgeukia bibi.

"Mama, nitakwambia ukweli. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki. Nyingine nimeziagiza mkoani, na sijui zitafika lini. Sasa mtafuteni huyo mbwa."

"Tumtafute tumuue?"

"La, mkimuua mmeniua na mimi. Mtafuteni mumfunge, mumpe chakula na maji, mumwangalie. Akimaliza siku kumi tangu kung'ata naye ni mzima, hana kichaa, na mtoto wako hana hofu. Akibadilika, akifa, au akipotea machoni penu, usingoje gari la dawa. Mchukue mtoto umkimbize mkoani siku hiyo hiyo. Na ugonjwa huu, mama, ukishaanza kujionyesha hauna dawa."

Mnaona, ndugu zangu, mama huyu aliwekwa wapi? Uhai wa mtoto wake ulikuwa umefungwa kwenye shingo ya mbwa aliyemng'ata.

Bibi Nakiete akaanza kupita nyumba kwa nyumba kumtafuta mwenye mbwa mwekundu. Kila nyumba ilimpa pole. Kila nyumba ilimpa kiti. Kila nyumba ikamwambia yule huwa anapita tu. Alipofika kwa fundi Mrutu, seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, fundi aliendelea kupiga randa ubao wake bila kuinua uso, akasema, "Mbwa wekundu ni wengi, Bibi." Kwa balozi wa nyumba kumi alipokewa kwa maneno ya matumaini.

"Usijali, Bibi Nakiete," balozi alisema. "Hilo nimelimaliza. Jumatatu tarehe 11 tunatega nyama yenye sumu pale njia panda. Mbwa wote wasio na wenyewe, kwisha habari yao."

"Na huyu mwekundu?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

"Balozi, akifa nitajuaje kama alikuwa mgonjwa?"

Balozi alijikuna kidevu. "Basi mpate mwenyewe kabla ya Jumatatu. Mbwa mwenye mwenyewe hatumgusi. Utaratibu ni utaratibu."

Siku ya Jumamosi, jua likiwa bado juu, bibi alisonga ugali, akachanganya na dagaa, akatwaa kamba ya katani na kwenda njia panda peke yake. Wanawake waliokuwa bombani walisogea nyuma. Mmoja alimwambia, "Bibi, unakwenda kung'atwa na wewe ili mfanane?" Aliweka sufuria chini, akasubiri. Mbwa mwekundu alikuja, akala, na alipoiona kamba aliinamisha kichwa mwenyewe, kama mtoto anayevalishwa shati la shule. Bibi alipopapasa shingo yake aliona manyoya yamelika pande zote. Kamba nyingine ilikwisha kukaa pale, na kwa muda mrefu.

"Kumbe unaye," bibi akamwambia mbwa. "Ila yeye ndiye asiyekuwa na wewe."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya tarehe 10. Nanyi mnajua desturi ya makanisa yetu ya bara. Ibada ikiisha hatuondoki. Mabenchi hutolewa nje uwanjani, na sadaka za mazao zikanadiwa: mkungu wa ndizi, mayai, mbuzi, jogoo aliyefungwa miguu. Mwenye jogoo mwenyewe aghalabu humnunua jogoo wake kwa bei kubwa kuliko ya soko, akarudi naye nyumbani akiwa amebarikiwa mara mbili. Mnadi wa siku hiyo alikuwa Mzee Mgonja, mtu wa maneno, ambaye angeweza kuuza moto kuzimu na wenyeji wa huko wakashukuru.

Baada ya mkungu wa ndizi kupata mteja, Bibi Nakiete alipita katikati ya watu. Kwapani alikuwa na kuku wake mtetea. Mkononi alikuwa na kamba, na mwisho wa kamba alikuwa mbwa mwekundu. Watu walipisha njia kwa haraka isiyo ya kawaida ya watu waliovaa viatu vya Jumapili.

"Bibi," Mzee Mgonja akasema, "kuku namwona. Huyu mwingine amesindikiza?"

"Huyu ni sadaka. Nimepita mtaa mzima, nimeambiwa hana mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe ni cha Mungu. Nimemleta nyumbani kwa Mungu."

Mzee mmoja wa kanisa akatikisa kichwa. "Hela ya mbwa haiingii sandukuni. Hilo halijapata kutokea."

"Na haitaingia," Mzee Mgonja akajibu. "Hela yake itanunua kamba. Mtaa huu una upungufu mkubwa wa kamba." Watu wakacheka. Akapandisha sauti. "Haya, waheshimiwa! Mbwa mwekundu, meno kamili, mkia nusu, hapungukiwi kitu kingine. Nani atafungua bei?"

Kila mtu alitazama viatu vyake. Ndipo ikasikika sauti ya mgeni kutoka nyuma, mfanyabiashara wa tangawizi aliyekuwa akipita na lori lake na kusimama kwa ajili ya ibada. Alimzunguka mbwa, akamwinua mguu, akamtazama kifua.

"Huyu ni mbwa hasa," mgeni alisema. "Nina shamba kule milimani linaliwa na ngedere. Mbwa wa kifua hiki nimemtafuta mwaka mzima." Akataja bei. Ilikuwa bei ya mbuzi, na ya mbuzi mnono.

Ndugu zangu, sikilizeni sasa muujiza. Mbwa aliyekosa mwenyewe kwa siku tatu akapata wenyewe watatu kwa pumzi moja.

"Ngojeni kwanza," akasema mwenye duka mmoja wa mtaani. "Huyo mbona kama ni wangu?"

"Wako tangu lini?" fundi Mrutu akasema, naye amekwisha kusimama. "Huyo amekulia uani kwangu."

"Taratibu, taratibu," akasema balozi. "Mbwa huyo hulala kwenye baraza yangu. Ushahidi ninao."

Mzee Mgonja alimtazama balozi kwa upole mwingi. "Balozi, si wewe uliyekuwa umpe sumu kesho?"

"Nilikuwa sijamwangalia vizuri."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Bibi Nakiete hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, kisha akasema, na hakupandisha sauti:

"Nashukuru. Mimi sikutaka bei, nilitaka mwenyewe, na sasa nimempata mara tatu. Lakini baba zangu, mwenye mbwa ndiye mwenye jino. Jino la huyu lilimwingia mjukuu wangu Alhamisi. Atakayesema mbwa ni wangu, aseme na jino ni langu. Amfunge nyumbani kwake mpaka tarehe 17, amlishe, amwangalie mchana na usiku. Na mbwa akiugua, asimame pamoja nami mbele ya mganga. Haya, ni wa nani?"

Mwenye duka alikumbuka kwamba wake alikuwa na madoa. Balozi alisema kwa vile jambo limefika hapo, kiongozi haifai kugombania mali na raia. Fundi Mrutu akakaa polepole, kama mtu anayeketi juu ya benchi asiloliamini, ingawa benchi lenyewe alilichonga yeye. Mgeni wa tangawizi naye akaomba radhi; lori lake lilikuwa linaondoka, na mbwa wa kuangaliwa si mbwa wa kusafirishwa.

Mbwa akabaki katikati ya uwanja na kamba yake. Na nyuma ya mbwa yule kila mtu aliiona Jumatatu.

Je, ninyi mngefanyaje? Mngemlaani nani kwanza?

Bibi Nakiete alimshusha kuku wake kutoka kwapani, akamweka mezani mbele ya mnadi.

"Kuku huyu nilimleta awe sadaka yangu. Sasa namtoa kwa ajili ya mbwa. Mwandikeni. Mwenyewe amepatikana."

"Nani, Bibi?"

"Mimi."

Mzee Mgonja alishusha sauti. "Bibi, umesema mwenyewe, mwenye mbwa ndiye mwenye jino."

"Na jino nalo ni langu," bibi akasema. "Limo ndani ya nyumba yangu tayari."

Akaivuta kamba, akaondoka na mbwa aliyemng'ata mtoto wake. Hakuna aliyecheka. Balozi alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba nyama ya sumu itasubiri hadi tarehe 18. Hakutoa sababu, wala hakuna aliyeiuliza.

Mbwa alifungwa uani kwa Bibi Nakiete, kwenye nguzo ya banda la kuni. Mtoto alimtazama kutoka dirishani. Asubuhi bibi aligawa uji mara tatu: wa mtoto, wa kwake, na wa mbwa; na walioona wanasema wa kwake ndio uliokuwa mdogo. Habari zilizunguka mtaani zikiwa na miguu. Wengine walisema bibi amechanganyikiwa. Wengine walisema anataka sifa. Lakini jioni ya Jumapili hiyo hiyo milango kadhaa ya nyua, iliyozoea kuachwa wazi, ilifungwa.

Jumatano ya tarehe 13, alasiri, bibi akiwa anaosha bakuli la mbwa, aliona michongoma ikitikisika. Ng'ambo ya ua alisimama fundi Mrutu, kofia mkononi. Mbwa alikuwa amekwisha kusimama, na ile nusu ya mkia ilikuwa inapiga nguzo ya banda.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, fundi. Pita mlangoni, huo ua una miiba."

Aliingia, lakini hakukaa. "Bibi, huyu anaitwa Jemedari."

Mbwa aliposikia jina lake aliruka hadi kamba ikamkata. Bibi alipangusa mikono kwa khanga, akangoja.

"Nilimchukua akiwa hajafungua macho," fundi akasema. "Mkia ulikatwa na msumeno wangu mwenyewe, kwa ajali. Ulipokuja siku ile nilikuwa nimemwona asubuhi na damu mdomoni. Nilijua. Niliogopa, Bibi. Nilisema nikikubali, mtoto ataletwa mlangoni kwangu na kidonda chake, na mimi nitakuwa yule mtu ambaye mbwa wake alimla mtoto wa mjane."

"Na kwa bei ya tangawizi ulisimama."

"Nilisimama." Aliitazama kofia yake. "Lakini Jumapili ulipomvuta ukaondoka naye, alinigeukia akanitazama. Tangu hapo chakula hakipiti. Mbwa wangu anakula uji wa nyumba aliyoiumiza, na mimi niko kule napiga randa. Nimekuja kuchukua kilicho changu. Simaanishi kumchukua mbwa. Namaanisha lile jino."

Si kwamba Bibi Nakiete hakuwa na hasira. Alikuwa nayo tangu Alhamisi, nzima, haijaguswa. Kisha akamnyoshea lile bakuli.

"Basi mlishe wewe. Mbwa atabaki hapa mpaka mganga aseme, kwa sababu hapa ndipo nitakapomwona. Lakini kila siku uje umlishe wewe, mtoto akikuona. Usimkimbie."

"Sitamkimbia. Na siku yoyote mbwa akibadilika, mimi ndiye nitakayempeleka mtoto mkoani, kwa mgongo wangu kama gari halipo."

Fundi alikuja Alhamisi. Alikuja Ijumaa, akatengeneza na mlango wa ua wa bibi bila kuombwa. Jumamosi mtoto alitoka hadi barazani, akamuuliza, "Fundi, kwa nini mbwa wako alining'ata?" Fundi akachuchumaa mbele yake. "Kwa sababu sikumlisha, na sikumfunga. Kosa ni langu." Mtoto akafikiri, akasema, "Basi mlishe sana." Na hapo, wapendwa, hukumu yote ikawa imesomwa, imetekelezwa, na kesi imefungwa.

Jumapili ya tarehe 17 Agosti mganga alifika uani kabla ya kengele ya kwanza. Alimtazama mbwa akila, akinywa maji, akimlamba fundi kiganja. Akamwita mtoto, akakitazama kidonda kilichokwisha kufunga.

"Bibi," akasema, "huyu mbwa ni mzima kuliko mimi. Mtoto wako yuko salama. Nendeni mkamwimbie Mungu."

Na waliimba! Ilipofika wakati wa matangazo fundi Mrutu alisimama, akashika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono miwili. "Mbwa mwekundu ni wangu," alisema. "Na jino ni langu. Bibi Nakiete alilibeba kwa niaba yangu nikiwa nimekaa kwenye benchi." Alipoketi, mwenye duka alisimama: yule wa madoa ni wake, na kuku waliokwisha kuliwa atawalipa. Akasimama mwalimu. Akasimama mkunga. Akasimama balozi, akasema kwamba kwenye baraza yake hulala mbwa wawili, wala hawapiti, wanaishi. Mchungaji alikunja hotuba yake, akaiweka kando. Ilikuwa imekwisha kuhubiriwa.

Jumatatu ya tarehe 18 nyama ya sumu ilifukiwa shimoni. Na Jumamosi ya tarehe 23 Agosti 1986, mtaa mzima ulishuka kwa bwana mifugo kuwachanja mbwa, kila mbwa na kamba yake, kila kamba na mkono wake. Ulikuwa msafara wa kutazamwa! Waliofika sokoni walidhani ni harusi. Mbele kabisa alikwenda Jemedari, na kamba yake ilishikwa na watu wawili, fundi upande mmoja na mtoto upande wa pili, na Bibi Nakiete nyuma yao akitembea kama aliyetawazwa.

Sasa, wapendwa, ngojeni. Msifunge vitabu vyenu vya nyimbo bado.

Nimeziona nyuso zenu. Tangu nilipoanza, kila mmoja wetu amekuwa akitembea upande wa bibi. Tumemhurumia, tumewacheka wale watatu, tumemnyoshea fundi kidole. Lakini nani kati yetu ni Bibi Nakiete? Sisi tulikuwa kwenye mabenchi. Sisi ndio tuliofungua mlango wa ua jioni, tukaacha hasira yetu ikajitafutie chakula kwa watu, tukaacha ulimi wetu ukarandarande mitaani, na palipoletwa habari ya mtoto aliyeumia tukatoa pole na kiti. Yule mke aliyevunjwa moyo ni jino la nani? Yule ndugu tuliyemtangaza kazini mpaka akahama mji, ni jino la nani? Tukisifiwa tunasimama watatu watatu. Tukiulizwa tunakaa.

Na uwanja ulikuwa kimya, na Jumatatu inakuja, na hakuna mwenyewe. Ndipo aliposimama Mmoja, ambaye ndiye tuliyemng'ata. Hakuwa na deni nasi. Alikuwa na haki ya kutuacha tukutane na sumu yetu. Akasema mbele ya wote: Hawa ni wangu. Akaulizwa, Na jino je? Akaonyesha mikono yake, akaonyesha ubavu wake, akasema: Na jino nalo ni langu. Limo mwilini mwangu tayari.

Ndugu zangu, mnada huo umekwisha! Hakuna awezaye kuongeza bei juu ya ile. Hatumwendei leo tukitetemeka ili tukanunuliwe, tumekwisha kununuliwa. Tunamwendea kama fundi alivyokwenda, kupitia mlangoni, kofia mkononi, tukalitaje jina la kile tulichokikana. Nani anayejificha bado nyuma ya michongoma, akichomwa na miiba bure? Mlango uko wazi. Anakungoja mwenye bakuli mkononi, na wala hakuuliza kwa nini umechelewa. Inuka, sema "ni langu," ushike kamba upande mmoja. Upande wa pili ameushika yeye, na njia ya kwenda nyumbani ni yetu.